Kopo Jeupe la Dawa ya Koo

Nayaandika haya kwa ajili ya kina mama wenzangu wenye waume wanaojua mambo. Mume asiyejua kitu hana matatizo. Anaumwa, anakwenda hospitali, anapewa vidonge, analalamika kwamba vichungu, anapona. Mwenye kukutoa roho ni yule anayejua.

Mume wangu anajua. Kazi yake ni kutembeza wageni kwenye jumba la makumbusho, lile jumba la mawe lenye ngazi pana, na yeye amepewa chumba cha dawa za zamani. Humo mna kabati refu la kioo, lina vikopo, chupa, visu, pembe za kuumikia, na chupa moja ya ruba waliokauka mpaka wamekuwa kama zabibu. Anasimama mbele ya kabati hilo na kuwaeleza watu jinsi wa zamani walivyokuwa wakijitibu. Ameeleza miaka nenda miaka rudi hadi maneno yamemwingia mwilini. Ukimwuliza kitu chochote kuhusu kabati, hata kama anakula, hata kama amesinzia, lazima akujibu, tena anaanza na "Mabibi na mabwana." Mtaani wanamwita Bwana Kabati. Siku moja tulikuwa mazishini, mzee mmoja akamnong'oneza kama ni kweli watu wa kale waling'olewa meno kwa koleo la mhunzi. Basi marehemu alifukiwa huku mume wangu akieleza koleo.

Ningemwacha aeleze tu, kueleza hakuui mtu. Lakini siku aliyoumwa jino aliweka karafuu, kama alivyosoma kwenye kibao cha kabatini, na jino likatulia. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Dawa moja ikikubali, mtu anadhani kabati zima litakubali. Alipopata mafua akakunja maganda ya chungwa akajipachika puani, eti matajiri wa nchi za mbali zamani walifanya hivyo wakati wa tauni. Tulikuwa mezani na mama yangu mzazi amekuja kututembelea. Mume akapiga chafya. Ganda moja sikuliona lilikokwenda, la pili lilitua kwenye bakuli la supu la mama. Tangu siku hiyo mama akija anachagua kiti kilichoko pembeni kabisa.

Sasa nije kwa binti yangu, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Kifungua mimba wangu huyu tangu mdogo alitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kile kibanda cha kioo kilicho juu ya kituo kikuu cha mabasi na kutangaza. Basi fulani linaondoka, basi fulani limechelewa, mwenye mtoto aliyepotea afike ofisini. Wenzake walicheza mama na baba, yeye alipanda juu ya stuli na kuwatangazia kuku. Mwaka huu mtangazaji wa zamani akastaafu, kituo kikataka mwingine, binti yangu akaomba, akaitwa kujaribiwa sauti. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Mtoto akafanya mazoezi kama mwendawazimu. Alijifunika ndoo kichwani ili aisikie sauti yake inavyovuma, akatangaza mabasi uani kutwa nzima, wadogo zake wakikimbia huku na huko kama abiria. Jumatatu alfajiri akaja kuniamkia. Akafungua mdomo, ikatoka hewa.

Nilimkimbiza zahanati nikiwa na kanga nimeivaa ndani nje. Daktari akammulika koo, akazima tochi.

"Anyamaze."

"Eeh, halafu?"

"Basi. Asiongee, asinong'one, kunong'ona nako kunachosha koo. Anywe maji mengi. Itarudi yenyewe."

"Sindano?"

"Hapana."

"Kidonge?"

"Hapana, mama."

"Hata kile cha kunyonya chenye ladha ya limau?"

"Mama, na wewe ukijaribu kunyamaza kidogo utamsaidia."

Tukarudi nyumbani. Baba mtu alikuwa anafunga tai ya kazini, nikampa habari. Akacheka kwa pua.

"Kunyamaza ni dawa? Kungekuwa dawa, tungekuwa nako kabatini. Mimi sina kopo la kunyamaza."

"Baba watoto, huyu mtoto usimguse."

"Nani amesema namgusa?"

"Maganda ya machungwa sitaki kuyaona."

"Hayo ni ya pua," akasema, kama mtu aliyetukanwa kazi yake. "Koo lina kopo lake."

Sikuuliza kopo gani. Nilijua nikiuliza nitaambiwa, na nilikuwa na maziwa jikoni yanataka kuchemka.

Siku mbili tatu zikapita, nikaanza kuona mifupa ya supu inapotea. Nyama ipo, mchuzi upo, mfupa hakuna. Nikadhani paka. Halafu nikaona baba watoto anaondoka nyumbani mapema kuliko kawaida, mkononi ana mfuko wa plastiki, na hashiki njia ya kazini. Anakwenda upande wa nyumba ya fundi wa nguo, jirani yetu, mwanamke anayeishi peke yake na cherehani na mbwa mmoja mnene.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Nikishaona kitu, silali nacho. Nikaenda getini kwake, nikamkuta na futi shingoni na pini zimepangwa mdomoni.

"Jirani, mume wangu unamwonaga huku?"

Akatoa pini. "Shemeji? Kila siku! Mwenzangu, wewe una mume. Anamletea mbwa wangu mifupa, akimaliza ananifagilia uwanja."

"Anafanya nini?"

"Anafagia. Tena kwa makini, hafagii kama hawa vijana. Anainama, anaangalia, anachagua, anaweka kwenye mfuko wake anaondoka nao. Hata jaa langu halijui."

"Mume wangu mimi? Yule hajawahi kushika ufagio tangu anioe."

"Basi hapa kwangu ameushika," akasema, na akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Nilimtazama kuanzia ile futi mpaka ndala zake. Si mbaya yule mwanamke. Jioni mume alipovua viatu tu nikamvaa.

"Unampenda fundi?"

"Fundi yupi?"

"Mwenye mbwa."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Aa, yule! Mimi sina shughuli na fundi. Mimi nina shughuli na mbwa."

Kina mama, niambieni, hapo mtu unajibu nini? Kidogo ningefurahi angesema ni fundi.

Binti yangu wakati huo alikuwa ananyamaza kweli kweli. Akitaka chumvi anaonyesha kwa kidole, akitaka kunijibu anaandika kwenye simu. Nyumba ilikuwa kimya hadi nikawa nasikia maji yakidondoka bombani. Kila asubuhi namwangalia koo lake kwa nje, kana kwamba litaniambia kitu. Namwuliza, "Unasikiaje?" halafu nakumbuka kwamba hatakiwi kunijibu, halafu namwuliza tena. Ijumaa ilikuwa inakuja mbio na ile nafasi ya kibandani ilikuwa moja tu. Walioitwa walikuwa wengi.

Wiki ile ya usaili baba watoto akaanza kuendesha. Anaingia chooni, anatoka, anafika mlangoni, anageuka. Nikalaumu maharage. Nikabadilisha maharage. Akaendelea. Nikamwambia twende hospitali, akasema ni uchovu. Uchovu gani unatoka kwa kasi ile?

Jumatano nilikwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta jikoni, amelala sakafuni ameshika mguu wa meza kama mtu aliye kwenye mashua inayopinduka. Jasho linamtoka, midomo imekauka, anatapika kwenye sufuria yangu ya wali. Binti yangu yuko juu yake anatikisa mikono. Akaniona, akanisukumia simu yake usoni.

"Sasa huu ni wakati wa kunionyesha simu?"

Akaisukuma tena.

"Weka simu, shika miguu ya baba yako!"

Tukampakia kwenye teksi. Njiani dereva aliendesha huku ametoa kichwa dirishani, na simlaumu.

Hospitalini tulipokelewa na nesi mrefu mwenye uso wa mtu asiyetaka mchezo. Akamlaza mgonjwa kitandani, akamtundikia dripu, akachukua kalamu.

"Baba, umekula nini?"

"Alichokula kila mtu."

"Kila mtu amekula nini?"

Nikajibu mimi, maana mgonjwa aliangalia ukutani. Nikataja mkate, chai, wali, samaki wa juzi, lile embe lililokuwa na doa, yale maziwa niliyoyatilia shaka lakini watoto waliyanywa na hawakufa. Nesi akaandika mpaka akachoka.

Binti yangu akamvuta mkono, akampa simu. Nesi akasoma. Uso ukambadilika.

"Dada, hapa ni hospitali. Matusi hapana."

Binti akatikisa kichwa, akagonga kioo cha simu kwa kidole, soma tena.

"Nimesoma. Baba yako ni mgonjwa na wewe unamwandikia maneno ya vijiweni? Mama, huyu ni mwanao?"

"Ni wangu, sista, nisamehe, koo linamsumbua." Sikujua hata ameandika nini. Miwani yangu niliiacha sokoni kwa muuza vitunguu, kwa haraka.

Mtoto alipoona maandishi yamekataliwa, akajaribu kwa vitendo. Akainama pale katikati ya wodi, mikono chini, akatoa ulimi, akatikisa nyuma. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakakaa vizuri waone. Akaonyesha baba yake, akaonyesha mdomo.

Daktari ndiyo kwanza alikuwa anaingia, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Akasimama.

"Mbwa!" akasema. "Ameumwa na mbwa!"

Binti akashika kichwa.

"Nesi, andaa chanjo ya kichaa cha mbwa. Baba, alikuumaje?"

Nilimwona mume wangu anafikiri. Namjua. Alipima aibu kwa mkono mmoja na sindano kwa mkono mwingine, akachagua sindano.

"Aliniuma," akasema kwa sauti ndogo.

"Wapi?"

"Mguuni."

"Mguu upi?"

"Ule... mwingine."

Daktari akafunua shuka, akaangalia mguu huu, akaangalia ule mwingine. Ilikuwa miguu ya kawaida tu, soksi zina matundu. Nesi tayari anavunja kichwa cha kichupa. Mimi nalia, nauliza kama kichaa cha mbwa kinaambukiza kwa kulala kitanda kimoja.

Binti yangu alinitazama. Kisha akamtazama baba yake. Alikuwa ameitunza ile sauti tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, hakuitumia hata kwa kukohoa. Niliona anavyoishika shingo yake kwa mkono, kama mtu anayeaga kitu. Akaenda kusimama miguuni mwa kitanda, akanyoosha kidole juu kama wanafunzi wanavyofanya wakiletwa makumbusho, na akasema kwa sauti iliyopasuka kama kibati kinachoburutwa:

"Samahani, mwongozaji. Lile kopo jeupe ni la nini?"

Mume wangu alijaribu kujizuia. Mungu shahidi, alijaribu. Alifumba macho, akabana midomo, vidole vya miguu vikajikunja. Lakini swali lilikuwa la kabati.

"Mabibi na mabwana," akaanza, akijiinua kwenye mto, dripu inayumba, "na watoto, tafadhali msiguse kioo. Kopo hili jeupe ni la dawa ya koo. Katika nchi za mbali, zamani, mtu akikaukiwa na sauti, waganga wakubwa wenye vyeti walichukua kinyesi cha mbwa aliyelishwa mifupa mitupu. Walikianika juani hadi kiwe cheupe kama chokaa. Walikisaga kwenye kinu. Walikichuja kiwe laini. Wakakichanganya na asali, na mgonjwa akalamba asubuhi na jioni."

Wodi nzima ikageuka kumtazama. Hata mtoto aliyekuwa analia aliacha.

"Walikichuja," nikasema mimi, "na nini?"

"Wa zamani walitumia kitambaa cha hariri."

"Na wewe?"

Akajivuta shuka kidogo kidogo mpaka kidevuni. "Chujio."

"Chujio lipi?"

"Mama watoto, sisi tuna chujio moja."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilipiga kelele moja ndefu, na kwamba mlinzi wa getini alikuja. Ninachokumbuka ni kuhesabu kichwani mwangu watu wote waliokunywa chai kwangu wiki ile: watoto, mimi, mama yangu, mwenyekiti wa mtaa.

"Nililiosha!" mume akawa anasema. "Nililiosha kwa sabuni!"

Daktari alimwambia nesi aweke ile sindano chini. Akavuta stuli akakaa, maana alihitaji kukaa.

"Baba. Koo lako lilikuwa linaumwa?"

"Hapana, la mtoto. Mimi nilikuwa naonja kwanza. Ningempaje mtoto wangu kitu ambacho sijakionja?"

Hapo, kina mama, hasira ilinishuka kidogo. Ni mjinga, lakini ni mjinga wangu.

"Sasa kama koo lako ni zima," daktari akauliza, "ungejuaje kama dawa imeponya?"

Mume akafikiri. "Hilo swali wageni hawajawahi kuniuliza."

"Na hao watu wa zamani walipona?"

"Matokeo yako chumba cha pili."

"Na chumba cha pili kinasemaje?"

"Kimefungwa. Paa linavuja. Tangu niajiriwe sijawahi kuingia."

Yule nesi asiyetaka mchezo alitoka nje haraka amejiziba mdomo, tukamsikia huko koridoni.

Lakini daktari hakucheka kwa muda mrefu. Alitwambia wazi. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo ambayo yanaweza kwenda hadi kwenye ini, hata machoni. Kina vijidudu vinavyoharisha mtu mpaka damu inakuwa nzito na figo zinagoma. Na mbwa anaokota ovyo, anaweza kula panya aliyekula sumu. Mtu mzima mwenye tumbo la chuma kama huyu anaishia kwenye dripu. "Lakini binti koo lake limeshaumia. Angelamba hii, nadhani tusingekuwa tunaongea hivi."

"Yake iko wapi?" nikamwuliza mume.

"Ipi?"

"Ya mtoto. Nakujua. Umeshamwandalia."

"Chini ya kitanda," akasema. "Nimeiwekea asali nyingi. Nilitaka kumpa kesho."

Nilikaa juu ya kitanda cha mgonjwa mwingine, tena juu ya mtu. Kesho. Kama tumbo lake lingestahimili siku moja zaidi, angekuja na kijiko na lile tabasamu lake, na mtoto, kwa jinsi alivyoitaka ile kazi, angefumba macho akalamba. Watu wanauliza kwa nini mimi ni mwoga. Ni kwa sababu ya kesho za namna hiyo.

Tulipewa dawa ya minyoo ukoo mzima. Mama yangu alimeza ya kwake huku ananiangalia. Mwenyekiti wa mtaa nilimpelekea mwenyewe nyumbani, nikamwambia ni kampeni. Chujio nililichoma moto, ingawa ni la chuma.

Ijumaa ikafika. Binti yangu alirudi kwenye kunyamaza tangu pale hospitalini, lakini kile kipande cha sauti alichokitumia kilikuwa kimemrudisha nyuma. Asubuhi nilimwambia ajaribu. Akasema, "Shikamoo, mama," na mimi nikageuka kuangalia nyuma yangu kama kuna mwanamume ameingia.

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Twende." Nilitamka kwa ujasiri, halafu nikaenda chooni kulia.

Kituoni wasichana walikuwa wamepanga foleni, mmoja mmoja wanapanda ngazi za kibanda na kusoma karatasi ileile kwenye kipaza sauti chenyewe, sauti inatoka nje kabisa. Sauti zao nzuri kama za redioni. Chini, abiria wanaendelea kuchambua karanga, hakuna anayeinua kichwa. Ikafika zamu yetu. Nikafumba macho.

"ABIRIA WA BASI LA MILIMANI. BASI LENU LIKO GETI LA TATU NA LINAONDOKA SASA HIVI."

Ilikuwa kama lori limepewa mdomo. Nilifumbua macho nikaona kituo kizima kimesimama. Watu wanakamata mabegi, wanabeba watoto kama magunia, mteja wa mpiga kiwi anakimbia na kiatu kimoja kinang'aa na kingine bado. Wote wanakwenda geti la tatu. Basi la milimani halipo, halijawahi kuwapo, ile karatasi iliandikwa kwa ajili ya majaribio tu. Ilibidi dereva wa basi jingine apande juu ya ndoo kuwatuliza.

Msimamizi wa kituo akavua kofia. "Hii sauti inaamrisha," akasema. "Binti, anza Jumatatu. Kwa majaribio kwanza."

Nilicheza pale pale mbele za watu. Sioni aibu.

Ila koo lina mambo yake. Lilipona. Wiki iliyofuata sauti yake ya kawaida ikarudi, ile ya kwake, laini, tamu, kama anambembeleza mtoto alale. Na abiria wakafanya kama watoto wanaobembelezwa. Walikaa. Mabasi yakaondoka nusu tupu, watu wakabaki kwenye mabenchi, kisha wakaenda kugombana ofisini. Msimamizi akapanda kibandani.

"Ile sauti iko wapi? Hii siyo niliyoiajiri."

"Ile ilikuwa ugonjwa, mkubwa."

"Basi fanya mpango. Nakupa mpaka mwisho wa wiki."

Alirudi nyumbani uso umemshuka, akasimulia tukiwa mezani. Baba mtu, ndiyo kwanza amepona, suruali bado zinamvuka kiunoni, akaweka kijiko chini. Akakohoa kile kikohozi chake cha kazini.

"Mabibi na mabwana. Watu wa zamani, mtu akitaka sauti nzito..."

Nilimziba mdomo kwa mkono wangu wote. Lakini niligeuka nikamwona binti yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa amemkazia macho baba yake, na akasema polepole, "Baba, kweli ipo?"

Yule aliyecheza mbwa wodini ili kumwokoa! Aliyemwona baba yake kwa macho yake akilamba kopo mpaka akaanguka! Ndiyo maana naandika, kina mama. Mtu akikitaka kitu sana, akili inatoka mlangoni bila kuaga. Usidhani wako hawezi.

"Haipo," nikasema. "Na kama ipo, atakayeileta nyumba hii atakula yeye, mbele yangu, na kopo lake."

Kesho yake asubuhi nikaenda naye kituoni. Nikakaa chini kwenye benchi, nikasikiliza. "Tafadhali, abiria wapendwa..." Mtu mmoja jirani yangu akapiga mwayo. Nikapanda zile ngazi, nikaingia kibandani bila hodi.

"Mama, huruhusiwi humu!"

"Mwanangu, mimi nawaitaga nyinyi chakula kwa sauti ya lori?"

"Hapana."

"Huwa mnakuja?"

"Tunakuja mbio."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa sababu unatutajia tunachofanya. Tunajua unatuona."

"Haya. Kioo chote hiki umewekewa cha nini?"

Nikashuka nikarudi kwenye benchi langu. Kipaza sauti kikakwaruza, ikatoka sauti ileile laini ya mwanangu, haikuongezwa chochote.

"Wewe kaka mwenye shati la njano, maliza hizo karanga ndani ya basi, linakuacha. Na nyinyi dada wawili, hizo stori zina siti kule. Mzee wa kofia, tiketi unayoitafuta iko sikioni. Na benchi lote hilo la mbele, basi la saa nne likiondoka msije ofisini kunililia, nimewaona mmekaa!"

Shati la njano lilisimama kama limechomwa. Mzee akashika sikio. Benchi lote likainuka kwa pamoja, mabegi juu, haya haya haya, watu wanasukumana kuelekea getini, na mimi nilijikuta nimo katikati yao na mkoba wangu kwapani, nimepanda ngazi ya basi, konda amenyoosha mkono mbele yangu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Lakini hukusikia tumeitwa?"